Kati ya Picha Mbili: Watazamaji wa Manowari Potemkin

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, wahariri na wapigapicha mliopo, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie uhariri wa filamu tuliyotoka kuitazama, Manowari Potemkin ya Sergei Eisenstein, na nimeomba ruhusa ya Mwenyekiti niigeuze mada hiyo kidogo, nizungumzie zaidi watu walioitazama kuliko mtu aliyeitengeneza. Sababu yangu ni ya kikazi. Habari za Eisenstein na nadharia zake za kugonganisha picha zimeandikwa kwa wingi, naye mwenyewe aliandika sana, pengine kupita kiasi. Lakini uhariri ni kazi ambayo nusu yake hufanyika mezani kwa mhariri na nusu nyingine kichwani mwa mtu aliyelipa kiingilio, na nusu hiyo ya pili ndiyo iliyowakosesha usingizi wakaguzi wa filamu, majenerali na mawaziri wa nchi mbalimbali kwa miongo kadhaa.

Kwa walioingia wakiwa wamechelewa, nitaeleza hadithi yenyewe kwa ufupi. Mwezi Juni 1905 mabaharia wa manowari Potemkin, ya kikosi cha Bahari Nyeusi cha mfalme wa Urusi, walikataa chakula kilichopikwa kwa nyama yenye funza, wakaasi, wakawaua baadhi ya maofisa wao na kuipeleka meli Odessa, mji ambao tayari ulikuwa kwenye mgomo. Miaka 20 baadaye serikali ya Kisovieti ilitaka filamu ya kuadhimisha mwaka ule, ikampa kazi hiyo kijana wa miaka 27 ambaye hadi hapo alikuwa amekamilisha filamu ndefu moja tu. Potemkin yenyewe ilikuwa imeshaondolewa kazini na kukatwakatwa, hivyo sitaha mliyoiona kwa sehemu kubwa ni ya meli nyingine kuukuu iliyoitwa Mitume Kumi na Wawili. Mpigapicha alikuwa Eduard Tisse, na uhariri ulifanyika kwa wiki chache za mwisho wa 1925. Filamu ina dakika kama 75 na picha zaidi ya 1,300 zilizounganishwa, yaani kwa wastani kila picha hukaa mbele ya macho yetu kwa sekunde tatu na kitu kabla haijaondolewa.

Sasa tuingie kwenye ngazi za Odessa, maana huko ndiko kila mtazamaji hufika hata kama alisinzia njiani. Wakazi wa mji wamesimama juu wakiwapungia mabaharia. Yanatokea maandishi mafupi yanayosema kwamba ghafla mambo yamebadilika. Kisha safu ya askari wenye magwanda meupe inateremka kwa hatua za kipimo kimoja, bunduki zikiwa zimeelekezwa mbele. Askari hao karibu hawana nyuso. Tunapewa buti zao, vivuli vyao na moshi wa bunduki, ilhali wanaokimbia wanapewa nyuso moja moja: mama aliyembeba mwanawe, mlemavu asiye na miguu anayejisukuma kwa mikono, mwanafunzi mwenye miwani, mama mlezi aliyesimama kukikinga kigari cha mtoto kwa mwili wake. Ngazi zile ni 192, na mtu mwenye hofu angezimaliza upesi, lakini katika filamu hazimaliziki, kwa sababu mhariri huurudia mwendo uleule kutoka pembe nyingine kabla haujaisha, hata mtazamaji akahisi kwamba watu wanakimbia na bado wako palepale.

Mwishoni mwa tukio kuna mikato, yaani maungio ya picha na picha, ambayo ningependa tuipunguze mwendo. Kigari kinaviringika, kinafika chini, kinapinduka. Kosaki, askari wa farasi wa mfalme, anainua upanga na kuushusha, anainua na kuushusha tena, huku mdomo wake ukiwa wazi. Kisha mama mwenye miwani ya kubana puani anatutazama, kioo kimevunjika na jicho linavuja damu. Basi. Wakati wa mapumziko niliwauliza wachache wenu ni nini kilichompata mama yule. Mmoja aliniambia kwamba alikatwa kwa upanga, na kwamba aliuona upanga ukimfikia. Mwenzake akabisha kwamba ile ilikuwa risasi. Dada mmoja alikuwa na hakika kwamba upanga ulimshukia mtoto kigarini, na mama alipatwa na mengine. Nimeipitia sehemu hiyo picha kwa picha, kama wengi wenu mtakavyoipitia darasani, na hakuna hata picha moja ya upanga ukigusa mwili wa mtu. Pigo halipo kwenye utepe. Tumelitengeneza sisi wenyewe, kila mmoja kwa namna yake, na tunalikumbuka kama jambo tulilolishuhudia kwa macho.

Warusi wa wakati ule walikuwa wameshalifikiria jambo hili. Mwongozaji wa filamu Lev Kuleshov alichukua uso mtulivu wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin akauunganisha na picha tofauti, na mwenzake Vsevolod Pudovkin alisimulia kwamba watazamaji walisifu jinsi mwigizaji alivyoonesha njaa mbele ya bakuli la supu na huzuni mbele ya maiti, ingawa uso ulikuwa uleule. Eisenstein aliichukua kanuni hiyo akaitia ukali. Tazameni anavyomuondoa daktari wa meli: mwanzoni anaikagua nyama kwa miwani yake na kutangaza kwamba haina ubaya, anapotupwa baharini hatuoneshwi akizama, tunaoneshwa miwani yake tu ikining'inia kwenye kamba. Mtazamaji ndiye anayemzamisha.

Nguvu ya ngazi hizo imefika hadi kwenye historia yenyewe. Katika usiku ule wa Juni 1905 watu wengi waliuawa Odessa, hasa maeneo ya bandari, ambako kulikuwa na moto mkubwa na askari wakifyatulia umati risasi. Hayo ni kweli na ni ya kusikitisha. Lakini msafara ule wa askari wakiteremka ngazi mchana kweupe ulibuniwa kwa ajili ya filamu. Hata hivyo vizazi vya watazamaji viliondoka ukumbini vikiamini kwamba vimeona kumbukumbu ya tukio, na mwaka 1955 ngazi zenyewe, zilizokuwa na jina jingine, zikaitwa rasmi Ngazi za Potemkin. Kwa maoni yangu hapa pana onyo kwa kila mhariri wa habari aliyemo humu, ingawa sitaki kulifanya somo la leo.

Onesho la kwanza lilifanyika tarehe 21 Desemba 1925 katika ukumbi wa Bolshoi, Moscow. Eisenstein mwenyewe alipenda kusimulia kwamba sehemu ya mwisho haikuwahi kugundishwa vizuri, na kwamba vipande vyake vilishikana kwa mate tu wakati vikipita kwenye mashine. Nadhani mtu anayejua utepe wa filamu atalipokea simulizi hilo kwa tabasamu. Lisilo na shaka ni kwamba bendera iliyopandishwa mlingotini ilikuwa nyekundu, imepakwa rangi kwa mkono katika filamu nzima ya rangi nyeusi na nyeupe, na kwamba watu walishangilia. Lakini ukumbi wa Bolshoi ulijaa wageni waalikwa. Wananchi wa kawaida wa Moscow na Leningrad, wale wanaotoa senti zao mfukoni, katika miaka hiyo walikuwa wakizipenda zaidi filamu za Kimarekani, wakiwafuata Mary Pickford na Douglas Fairbanks, na filamu hii iliyoandaliwa kwa ajili yao haikuwavuta kama ilivyotarajiwa. Jina lake lilitengenezwa ughaibuni.

Lilitengenezwa Berlin. Mwezi Machi 1926 wakaguzi wa filamu wa Ujerumani waliipiga marufuku. Mwezi Aprili bodi ya rufaa ikairuhusu kwa sharti kwamba vipande kadhaa vya ukatili vikatwe. Tarehe 29 Aprili ikafunguliwa katika ukumbi wa Apollo, mtaa wa Friedrichstraße, na watu wakapanga foleni. Kufika Julai ikawa imezuiwa tena, kisha ikaruhusiwa tena baada ya kukatwa zaidi. Jenerali Hans von Seeckt, mkuu wa jeshi, aliwakataza askari wake kuitazama. Mtunzi Edmund Meisel alikuwa ameiandikia muziki wa ngoma na midundo ya mitambo, hasa kwa ile sehemu ya mwisho ambamo injini za meli zinapiga kama moyo wa mtu, na ndio muziki mliousikia leo. Kwa hiyo tunaposema filamu bubu tusidhani kwamba ukumbi ulikuwa kimya.

Ninawaonea huruma kidogo wakaguzi wale. Walikabidhiwa mkasi na kuombwa waondoe hatari, nao wakaondoa mita chache za damu, wakapima, wakaandika kwenye jalada. Lakini hatari haikuwa ndani ya picha yoyote ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole. Ilikuwa katikati ya picha na picha. Ukiiondoa picha ya jeraha ukabakiza buti zinazoshuka na uso wa mama anayepiga kelele, mtazamaji atalileta jeraha kutoka nyumbani kwake, na huenda akaleta kubwa kuliko lile ulilolikata.

Maelezo bora ninayoyajua ya mtu akipatwa na filamu hii hayamo katika uhakiki, yamo katika riwaya. Lion Feuchtwanger, katika riwaya yake Erfolg ya mwaka 1930, ana sura nzima kuhusu filamu ambayo kila msomaji aliitambua ingawa meli ameipa jina la Orlow. Anamweka ukumbini Klenk, aliyekuwa waziri wa sheria wa Bavaria, mtu mzito, mhafidhina, anayewachukia wanamapinduzi na anayejua fika kwamba anachooneshwa ni uchochezi. Klenk ameingia kwa dharau na udadisi. Picha zinaanza kwenda, muziki unapiga, nyama inaoza mbele ya macho yake, na kidogo kidogo, bila kubadili rai yake hata moja ya kisiasa, anajikuta moyo wake uko upande wa mabaharia. Mpaka kikosi kizima cha meli kinapoikaribia manowari ile iliyoasi na mizinga inageuzwa, waziri huyu anaogopa pamoja na waasi. Feuchtwanger hamfanyi Klenk awe mkomunisti anapotoka. Anamwacha atoke vilevile alivyoingia, na hilo ndilo linaloifanya sura hiyo iaminike. Filamu imemchukua kwa muda mwili wake, pumzi na mapigo ya moyo, na imani zake zimemngojea mlangoni.

Sio wote waliochukuliwa. Mwandishi Oscar A. H. Schmitz alilalamika kwamba filamu haina watu kamili, ina aina tu za watu, na mhakiki Mjerumani Walter Benjamin akamjibu mwaka 1927 akiitetea, akisema kwa ufupi kwamba kinachoigiza humo ni kundi, na kundi haliwezi kupimwa kwa mizani ya riwaya ya mtu mmoja.

Kuna sifa nyingine ambayo kila mpenzi wa Potemkin angetamani isingekuwepo. Machi 1933 Joseph Goebbels, waziri mpya wa propaganda wa Hitler, aliwakusanya watu wa filamu katika hoteli ya Kaiserhof, Berlin, akaitaja filamu hii miongoni mwa mifano ya kuigwa, akieleza kwamba mtu asiye na msimamo angeweza kugeuka Mbolshevik, yaani mkomunisti wa Kirusi, kwa kuitazama. Alitaka ya kwake. Eisenstein alimjibu kwa barua ya wazi mwaka uliofuata, barua ya hasira iliyokana kwamba sanaa ya kweli inaweza kuota katika udongo ule. Ninaikubali hasira yake, ingawa hoja yake hainiridhishi. Goebbels hakukosea alipoona kwamba mbinu hii huweza kutumikia mabwana wengi. Kijana David O. Selznick aliliona hilohilo kwa upande wa biashara: mwaka 1926, akiwa mwajiriwa wa MGM, studio ya filamu ya Hollywood, aliwashauri wakubwa wake kwamba watu wa studio waitazame filamu hii kama wachoraji wanavyoichunguza kazi ya Rubens au Raphael, bila kujali ilisema nini. Matangazo ya sabuni tunayoyaona kila jioni ni wajukuu wa shauri hilo.

Uingereza haikuhangaika na mikasi, iliikataa filamu yote mwaka 1926. Waliofanikiwa kuiona walikuwa wanachama wa chama cha filamu cha London, kwenye onesho la faragha la Novemba 1929, na ruhusa ya kumbi za umma ilingoja mpaka 1954. Jambo hili linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyofikiri, kwa sababu dola hiyohiyo iliyohofia kwamba mfanyakazi wa Uingereza angeelewa mikato ya Eisenstein upesi mno ilikuwa ikijenga nadharia kwamba Mwafrika hawezi kuelewa mikato kabisa. Kati ya 1935 na 1937 ulikuwepo mradi wa majaribio wa sinema ya elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ukitengeneza filamu fupi na kuzitembeza kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Kisha mwaka 1939 kikaundwa kitengo cha filamu cha makoloni chini ya William Sellers, aliyepata uzoefu wake Nigeria, nacho kikashika kanuni kwamba filamu za Waafrika ziende polepole, picha zikae muda mrefu, kamera isirukeruke, muda usifupishwe kwa mkato, la sivyo watazamaji watapotea.

Wakati kanuni hizo zikiandikwa, kumbi za Unguja, Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa zikijaa watu waliotazama filamu za Hollywood na za Kihindi, zilizokatwa kwa kasi na zilizosemwa kwa lugha ambazo wengi wao hawakuzijua, na bado wakatoka wakibishana juu ya kisa kwa undani. Upande wa pili, Wasovieti walipeleka filamu kwa treni na magari hadi vijijini kwa wakulima wasiojua kusoma, wakiamini kwamba mgongano wa picha ndio lugha ambayo asiyesoma ataielewa kwanza. Sisemi kwamba Wasovieti waliwaheshimu wakulima wao katika kila jambo, historia inakataa. Ila juu ya swali hili moja, yaani mtu wa kawaida anaweza nini mbele ya picha mbili zilizounganishwa, walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko maofisa wa Vugiri.

Nitoke nje ya mada kwa sentensi chache. Waliokulia kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya mtaani vya kuoneshea video, wakimsikiliza msimulizi Lufufu akitafsiri filamu na kuchombeza, au wanaomfuata msimulizi mwenzake DJ Afro kule Kenya, wanaijua namna ya kutazama iliyo karibu sana na ile ya enzi za filamu bubu, ambapo katika nchi kadhaa, Japani hasa, msimulizi alisimama pembeni ya pazia na kuipa filamu sauti yake. Msimulizi hodari hujaza pengo la mkato kabla wewe hujalijaza. Ningependa siku moja tuione Potemkin ikisimuliwa hivyo, japo nahisi ngazi zingepoteza kitu.

Turudi kwa watazamaji wa leo. Malalamiko mawili niliyoyasikia humu ukumbini ni ya kawaida. La kwanza, kwamba haina staa: ukishaanza kumshika Vakulinchuk, baharia anayeongoza uasi, anauawa kabla filamu haijafika nusu. Hilo ni kusudi, na Benjamin ameshatujibia. La pili, kwamba ni propaganda na inatia chumvi: maofisa ni wabaya kwa sura, padri ana nywele za mwendawazimu, na mabaharia wanapendeza hata wakilala kwenye machela. Hili silitetei. Ni propaganda, iliagizwa na serikali kwa ajili hiyo, na katika maisha ya kweli manowari ile haikumalizia safari kwa ushindi. Mabaharia waliisalimisha Constanța, Romania, baada ya siku chache za kutangatanga bila makaa na maji. Filamu inakatika pale ambapo meli nyingine zinakataa kuwafyatulia mizinga, na mtazamaji anajaza kilichobaki kwa ushindi.

Kuna mahali ambapo mbinu yenyewe inalegea. Baada ya mauaji, meli inapiga mizinga mjini, na zinafuatana picha tatu za simba wa mawe: aliyelala, aliyeinua kichwa, aliyesimama. Sanamu hizo ni za kasri la Alupka, Krimea, mbali na Odessa, na Eisenstein alikusudia kwamba mawe yenyewe yanaamka kwa hasira. Wengine hapa waliwaona simba kuwa ni wananchi wanaoamka, wengine wakawaona kuwa ni utawala unaoshtuka, na mwanafunzi mmoja aliuliza kwa haki kabisa simba wametoka wapi. Upanga na jicho havihitaji kuelezwa, kwa sababu mtu hujaza pengo kwa mwili wake mwenyewe. Simba wanahitaji mwalimu pembeni. Wanaposifiwa vitabuni, nadhani husifiwa na watu waliokwisha kuambiwa maana yake.

Neno la mwisho linahusu nakala. Mwaka 1926 utepe mama uliuzwa Ujerumani na kukatwa huko. Moscow nako, Trotsky, mmoja wa viongozi wa mapinduzi, alipoangushwa, maneno yake yaliyokuwa mwanzoni mwa filamu yalifutwa na kuwekwa ya Lenin. Baadaye zikaja nakala zenye muziki mwingine, ukiwemo wa mtunzi Shostakovich. Watu wa London mwaka 1929, wa Moscow mwaka 1950 na sisi hatukuitazama filamu ileile, ingawa sote tunaitaja kwa jina moja. Tuliyoiona leo ni ile iliyokarabatiwa na kutolewa Berlin mwaka 2005, iliyorudisha picha zilizokatwa, maneno ya Trotsky na rangi ya bendera. Pamoja na hayo imebaki na muziki wa Meisel, na sijui ni kiasi gani cha mliyoyahisi kilitoka kwa mhariri na kiasi gani kilitoka kwenye ngoma. Kwa hiyo naomba fundi wa mitambo aturudishie sehemu ya nne pekee, safari hii sauti ikiwa imezimwa kabisa. Tazameni bila kuzungumza na jirani, andikeni kwa mpangilio mnachokiona mama mwenye miwani akitendewa, kisha Mwenyekiti atakusanya karatasi na tutaanza maswali.